Kitabu kilichobaki chini ya lava

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Januari 2002 nilimwacha Axel, kijana wa kwenye riwaya ya Jules Verne, gizani. Taa yake ilikuwa imezimika, hajui wenzake walipo, na juu ya kichwa chake kuna mwamba usio na mwisho. Nilikuwa na miaka 12. Kibatari chetu nacho kilikuwa kinaishiwa mafuta, na mama alikwisha kuniita mara tatu nilale. Nikakiweka kitabu chini ya mto. Kilikuwa kitabu cha kuazima cha shule, mgongo wake umeshonwa upya kwa uzi wa nailoni, na ukurasa wa kwanza mwalimu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu siku ya kukirudisha.

Asubuhi mlima ukapasuka.

Wasiokaa Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, hudhani volkano hutapika juu, kileleni, kama kwenye picha. Nyiragongo siku ile ulipasuka ubavuni, nyufa zikateremka kuelekea mjini, moto ukatokea karibu na nyumba za watu. Lava ilipanda barabara ya ndege, ikapita katikati ya mji, ikaingia Ziwa Kivu. Mama alibeba godoro na sufuria kubwa. Kaka alimbeba mdogo wetu. Mimi nilipewa dumu la njano na kuambiwa nisigeuke nyuma. Tulivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, pamoja na umati ambao sijauona tena maishani, watu wote wanatembea kimya, mbingu nyekundu nyuma yetu. Tuliporudi baada ya siku chache, mahali pa nyumba palikuwa na jiwe jeusi lililojikunja kama mkeka, bado lina joto, kimo chake kinanizidi. Kitabu kinachosimulia watu walioshuka ndani ya volkano kiko chini yake mpaka leo.

Miaka 7 ilipita kabla sijajua kama Axel alitoka gizani. Nilikikuta kitabu kile kile Birere, mtaa wa Goma, kwenye turubai la muuza vitabu vya mitumba, kati ya kamusi isiyo na jalada na rundo la magazeti ya mitindo. Nilikinunua bila kupunguziwa bei. Nikasoma nimesimama, motari, wale wa pikipiki, wananipigia honi nipishe njia, mpaka nilipofika pale Axel anaposikia sauti ya mjomba wake ikipita ndani ya mwamba, kutoka mbali sana, kwa sababu ukuta wa lile pango umejipinda kwa namna ya kubeba sauti. Nililia pale pale barabarani.

Tangu siku hiyo namsoma Jules Verne kama watu wengine wanavyofuata timu ya mpira. Kazi yangu ni ya sekretaria publiki: napiga kompyuta, natoa fotokopi, naunganisha kurasa za TFC, kazi za wanafunzi za kumalizia masomo. Pesa ikibaki, natafuta Verne. Mtu huyu alizaliwa Nantes mwaka 1828, akafa Amiens mwaka 1905, na akaandika zaidi ya riwaya 50 ambazo mchapishaji wake, Hetzel, aliziweka chini ya jina moja la Safari za Ajabu. Watu wengi wanamjua kwa vitabu vinne: kile cha nyambizi, kile cha mwezi, kile cha siku 80 na kile cha volkano. Wanasema ni mwandishi wa watoto wa kiume, mtabiri wa mashine. Mimi nasema kuna Verne wawili. Kuna Verne wa juu, anayepanda angani na kutazama watu kama siafu. Na kuna Verne wa chini, anayeshuka. Wa juu namvumilia. Wa chini ni ndugu yangu.

Tangu mwaka jana nawasomea watoto wa dada yangu, umeme ukikatika, jambo ambalo Goma halihitaji kusubiriwa sana. Nina Kifaransa machoni na Kiswahili mdomoni. Natafsiri sentensi kwa sentensi. Mkubwa ana miaka 13 na haamini kitu. Mdogo ana miaka 9 na anaamini vyote, ila anataka hesabu zitimie.

Tulianza na Verne wa juu, kwa sababu ndiye aliyempatia jina. Riwaya yake ya kwanza iliyotoka kwa Hetzel, mwaka 1863, ni ya puto linaloruka kutoka Zanzibar mpaka mto Senegal kwa wiki tano. Watoto waliruka kusikia Zanzibar. Waliruka tena niliposema kwamba Kazeh anayoitaja ndiyo Tabora, na kwamba lile ziwa analoliita Ukerewe ndilo Victoria. Kuna raha ya pekee kukuta jina unalolijua kwenye kitabu cha mbali. Daktari Fergusson, rafiki yake Kennedy na mtumishi wao Joe wanashuka Kazeh, watu wanadhani puto ni mwezi na wao ni wana wa mwezi. Kisha mwezi wenyewe unachomoza, na wageni wanakimbia. Hapo tulicheka sote.

Halafu tukafika kwa nyani. Kundi la nyani limelizingira puto, na wenzake Fergusson, waliokuwa mbali, walidhani ni Waafrika wanaomshambulia. Kennedy anasema ukiwa mbali tofauti si kubwa. Joe anaongeza kwamba hata ukiwa karibu. Nilikuwa nimeusoma ukurasa huo mara nyingi peke yangu, kimya, kwa kuuruka kidogo kama mtu anavyoruka dimbwi. Kuutamka kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya nyuso mbili zinazonisubiri, nilishindwa. Nikanyamaza. Kisha nikausoma wote, kwa sababu sitaki wakutane nao siku moja wakiwa peke yao na kudhani mama yao mdogo hakuuona.

Mkubwa alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza: «Mama mudogo, bale bantu ba chini, kitabu kizima, habana majina?»

Nilirudi nyuma kutafuta. Wapo wachache wenye cheo, sultani huyu na yule. Lakini kwa sehemu kubwa mtoto alisema kweli. Ukitazama Afrika ukiwa ndani ya kikapu cha puto, unaona moshi, mishale, na vichwa. Verne hakuwahi kufika huku. Aliandika akiwa na ramani na ripoti za wavumbuzi wa Kiingereza mezani. Nadhani kosa halikuwa la ramani. Ni la kimo. Mtu wa juu hahitaji kuuliza jina la yeyote kwa sababu hamwombi yeyote maji.

Na bado, ndani ya kitabu hicho hicho, kuna kitu ambacho mtu wa Kivu hawezi kukisahau. Wanamwokoa mmisionari aliyekuwa akiuawa; anafia ndani ya puto, na wanapomchimbia kaburi wanakuta udongo wote ni dhahabu. Padri aliyeapa umaskini anazikwa ndani ya mgodi. Joe anapakia mawe ya dhahabu kikapuni, yawe uzito wa kusawazisha puto. Kisha puto linapokosa nguvu, analazimika kuyatupa, jiwe moja moja, anahuzunika kwa kila moja. Nilipowasomea, mkubwa alisema huyo Joe ni mtu wa kwanza kuwahi kuchukua dhahabu yetu na kuirudisha. Nilimkumbatia kwa maneno hayo.

Uzeeni Verne alirudi tena kwetu, mwaka 1901, na riwaya ya kijiji kilichojengwa juu ya miti katika msitu wa Ubangi. Wakazi wake amewafanya viumbe wa nusu nusu, kati ya nyani na mtu. Ni kitabu dhaifu, na kinaumiza kwa namna ile ile. Nakitaja kwa neno moja tu: mfalme wa kijiji anaitwa Msélo-Tala-Tala. Talatala! Kila mtu aliyekulia Kongo anajua kwamba kwa Kilingala ni kioo cha kujitazamia. Sijui kama kuna neno jingine katika vitabu vyake vyote lililonigonga hivyo. Lilisafiri kutoka kwetu mpaka Amiens, likaketi kwenye meza yake, na yeye akaliandika bila kujitazama ndani yake.

Basi, tushuke.

Safari ya kwenda katikati ya dunia, ya mwaka 1864, watu huisoma kwa ajili ya profesa Lidenbrock, mjomba wake Axel, mzee wa Hamburg mwenye hasira za haraka, au kwa ajili ya wanyama wa kale. Mimi humsoma Hans. Hans ni Mwaislandi, mkusanyaji wa manyoya ya bata, anaajiriwa kuwaongoza mpaka kwenye volkano ya Sneffels. Mkataba wake ni rahisi: dala tatu za Kideni kila wiki, zilipwe Jumamosi jioni. Wanashuka ndani ya ardhi, jua halipo, kalenda haina maana, na Jumamosi ikifika Hans anakuja kudai mshahara wake, na profesa anamhesabia. Maji yanapokwisha, Hans ndiye anayesikia mto nyuma ya ukuta wa mawe na kuutoboa. Axel anapoanguka na kuumia, Hans ndiye anayempaka dawa. Anasema maneno machache kuliko mtu yeyote katika riwaya ile.

Waliokuwa wakipanda Nyiragongo walianzia Kibati, na hawakupanda peke yao. Kulikuwa na vijana waliobeba mifuko, maji, makala, yaani mkaa wa kupikia, mpaka juu kwenye ukingo, mita 3,470, ambako usiku baridi inakata masikio. Wageni walirudi kwao na picha za ziwa la moto. Nimesoma simulizi nyingi za wageni hao, na wabebaji ndani yake ni kama watu walioonekana kutoka kwenye puto. Verne, mwaka 1864, alimpa mbebaji wake jina, ukoo, utulivu, na mshahara unaotajwa kwa hesabu. Kwa hilo peke yake namsamehe mengi, ingawa si yote.

Mdogo alichukua kipande cha makala jikoni, na kila tulipofika Jumamosi ndani ya kitabu alichora mstari kwenye ukuta wa mawe nyuma ya nyumba. Hesabu ya Hans, alisema. Akanikataza kuifuta.

Kitabu cha chini ninachokipenda kuliko vyote watu wengi hawakijui: Les Indes noires, cha 1877. Kinatokea Uskoti, ndani ya mgodi wa makaa ya mawe ambao kila mtu anadhani umekwisha. Familia moja inakataa kuondoka. Wanapata mapango mapya, wanajenga mji mzima chini, kando ya ziwa la chini kwa chini. Mkubwa hapa alinikatiza, kwamba ni uongo: «Bongo, mama mudogo! Kule hakuna jua, bantu banakulaka nini?» Lakini alisogea karibu.

Adui wa mgodi huo ni gesi. Mzee mmoja, Silfax, kazi yake ya zamani ilikuwa kutambaa mbele ya wachimbaji na mwali wa moto, kuichoma gesi kidogo kidogo kabla haijawa nyingi ya kuua. Kazi hiyo ilimharibu akili. Mwishoni anataka kuulipua mji wote siku ya harusi. Anaachilia gesi, anawasha, na hakuna kinachotokea kwenye kimo cha watu, kwa sababu gesi hiyo ni nyepesi na imekwisha kupanda juu kwenye paa la pango.

Hapo nilifunga kitabu nikawaeleza watoto jambo, maana sisi ni watu wa gesi. Ile ya Silfax ni methani, na Ziwa Kivu, lile wanaloogelea, limeficha katika maji yake ya kina yapata kilomita za ujazo 60 za gesi hiyo hiyo, pamoja na hewa ya ukaa mara kadhaa zaidi. Na upande wa Himbi, na kwenye njia ya kwenda Sake, kuna ile tunayoiita mazuku. Hii ni hewa ya ukaa inayotoka kwenye nyufa za mawe, nayo ni nzito, haipandi. Inalala kwenye mabonde na mashimo kama maji yasiyoonekana. Mtu mzima aliyesimama anapita salama mahali ambapo mbuzi anakufa. Mtoto anayeinama kuokota kitu anaweza asiinuke. Wataalamu wa volkano wa dunia nzima wanaandika mazuku, neno letu, bila kulitafsiri. Niliwaambia: gesi ya Silfax ilipanda, watu wakapona, yetu inashuka, kwa hiyo nikisema msicheze kwenye lile shimo, msicheze. Sijawahi kupata njia bora ya kuwafundisha hilo, na nimeipata kwa mwandishi aliyekufa mwaka 1905.

Katika mgodi huo kuna msichana, Nell, aliyekulia chini bila kuliona jua hata siku moja. Wanapompandisha wanamtoa usiku, taratibu, ili nyota zimzoeze kwanza, wanampeleka juu ya kilima cha Edinburgh kusubiri alfajiri. Verne anachukua muda mrefu kwenye alfajiri hiyo. Mwanga unaongezeka kidogo, anafumba macho, anafumbua. Mwandishi aliyepeleka watu mwezini kwa mzinga anatumia nguvu zake zote kumwonyesha msichana mmoja asubuhi ya kawaida.

Kisiwa cha ajabu, cha 1874 na 1875, kina vyote viwili, juu na chini. Watu watano na mbwa wanatoroka Richmond kwa puto wakati wa vita vya Marekani, puto linawatupa kwenye kisiwa chenye volkano. Wanaanza na mikono mitupu. Kijana Harbert anakuta punje moja ya ngano kwenye bitana la koti lake, moja tu, na wote wanainama kuitazama kana kwamba ni almasi. Wanaipanda, wanailinda, na misimu ikipita wanakula mkate. Na chini ya kisiwa, katika pango la bahari, amejificha kapteni Nemo, mzee, peke yake ndani ya nyambizi yake. Hapo ndipo tunapoambiwa yeye ni nani: mwana wa mfalme wa Kihindi aliyepigana na Waingereza katika uasi wa 1857 akapoteza kila kitu. Verne mwanzoni alitaka awe Mpolandi aliyeumizwa na Warusi. Hetzel aliogopa kukosa soko la Urusi. Nashukuru kwa woga huo. Katika kitabu cha nyambizi tayari Nemo anampa mzamia lulu wa Ceylon mfuko wa lulu, na kusema kwamba mtu huyo ni wa nchi inayoonewa, na yeye yuko upande wa nchi hiyo mpaka pumzi ya mwisho. Verne wa juu asingeweza kuandika sentensi hiyo. Ilibidi mtu awe chini ya maji.

Kabla ya kufa Nemo anamwonya mhandisi: ukuta wa pango unapasuka, bahari ikiufikia moto kisiwa kitalipuka. Na kinalipuka. Linabaki jiwe moja baharini na watu juu yake.

Hapa sikuweza kusoma kama msomaji wa kawaida. Mwaka 2002, usiku ule Gisenyi, watu wazima walikuwa wananong'ona jambo hilo hilo: lava ikiingia ziwani, ziwa litapasuka na kutuua wote. Nilikuwa nimelala juu ya dumu langu nikisubiri mlio. Ziwa lilinyamaza, lava haikuyavuruga maji ya kina yenye gesi. Lakini tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, mlima ulipofunguka tena na siku tano baadaye tukaambiwa tuondoke mjini, nilitembea kwenye njia ya Sake na mtoto wa dada yangu mgongoni, na hofu ilikuwa ile ile, haijazeeka hata siku moja.

Vingine navipita haraka. Robur na chombo chake cha angani ni kelele. Michel Strogoff, mjumbe wa mfalme wa Urusi, inakimbia vizuri. Paris katika karne ya ishirini, ambayo Hetzel aliikataa kwa kuwa hakuna ambaye angeiamini, ilichapishwa mwaka 1994 tu. Ndani yake kuna kijana mshairi aliyepata tuzo ya mashairi ya Kilatini katika mji wa mabenki na mashine, anafanya kazi ya kusoma tarakimu za daftari kubwa kwa sauti, na pesa yake ya mwisho, badala ya mkate, ananunua maua ya msichana. Wahitimu wa fasihi wa Goma wanaokuja kunipigisha barua za kuomba kazi ya stoo, kitabu hicho kiliandikwa kwa ajili yao.

Na kuna kile cha ngome ya Carpathes, cha 1892, ambacho hakiko juu wala chini. Bwana mmoja amehifadhi ndani ya sanduku sauti ya mwimbaji aliyekufa, na kwa vioo anaiita sura yake usiku. Risasi inalipasua sanduku. Anapiga kelele kwamba wameivunja sauti yake, yaani amekufa mara ya pili. Mama alifariki mwaka 2019. Nina ujumbe wake wa sauti kwenye simu, sekunde 41, ananikumbusha kununua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kabla soko halijafungwa na ananilaumu kwamba sipokei simu. Nimeuhifadhi mahali patatu. Kitabu hicho sijawasomea watoto.

Mwezi uliopita tulimaliza safari ya volkano. Axel na wenzake wametapikwa na Stromboli, Italia, wamerudi Hamburg, profesa amekuwa mtu mashuhuri. Mdogo hakujali umashuhuri. Alikuwa amesimama kando ya ukuta na makala yake.

«Na Hans, balimulipa?»

Nikamsomea polepole. Hans alishikwa na hamu ya kwao. Siku moja alisema kwaheri, neno moja, akapanda meli. Axel anaandika kwa huzuni kwamba mtu waliyewiwa naye kila kitu hakukubali wamlipe deni lao.

Mdogo alitazama mistari yake. Akaniuliza kama dala tatu haziwezi kutumwa kwa simu. Nikasema Hans amekufa zamani, na pia ni mtu wa kitabuni. Akafikiri. Kisha akauliza kuhusu kile kitabu changu cha kwanza, kile cha shule, kama nacho nilikilipa.

Nikamwambia hapana, kiko chini pale, na nikamwonyesha upande wa uwanja wa ndege. Akainama, akachora mstari mmoja zaidi, mbali kidogo na ya Hans.

«Huu wako», akasema.